Noah Iliyoota Choroko

Jumatano moja ya Aprili, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Inspekta alifungua mlango wa mbele wa gari, akaingiza mguu, akautoa. Soksi yake nyeupe ya shule ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya mkandaa. Akaniangalia, akatoa taarifa: "Baba, gari limekojoa."

Inspekta ni kitinda mimba wangu, ana miaka saba. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa sababu hakuna mfuko unaoingia nyumbani kwetu Tabata bila yeye kuukagua, wala mgeni anayemaliza dakika kumi bila kuulizwa ataondoka lini. Kikipotea kitu mikononi mwake mwenyewe, hapo uchunguzi hufungwa kimyakimya. Kwa hiyo utanielewa, msomaji mwenzangu, ukisikia kwamba nilipata utamu fulani asubuhi ile nilipokuta kioo cha kushoto kimeachwa wazi, nafasi ya vidole vinne. Usiku mvua ya masika ilikuwa imeshuka kama imekuja kudai deni. Na jana yake, aliyekaa siti ile ya mbele akichezea swichi ya kioo toka shule hadi getini, ni nani kama si Inspekta?

Kesi ikasikilizwa palepale barazani. Mshtakiwa akakana. Nikamhukumu siku saba bila katuni. Alilia kwa sauti iliyomtoa jirani ndani, akaja na kanga mabegani kuuliza kama kuna msiba.

Mke wangu tunamwita Mheshimiwa Spika. Si kwamba anaongea sana, la hasha. Ni kwamba yeye ndiye anayeamua nani aongee, na kwa dakika ngapi. Alitoka na kikombe chake cha chai, akalizunguka gari, akachungulia miguuni ambako maji yalikuwa yametulia kama ziwa. Gari letu ni Toyota Noah ya mwaka 2004. Spika akanywa funda moja, akasema: "Nuhu alijenga safina ili maji yabaki nje. Wewe umenunua ya kuyaweka ndani." Akarudi jikoni. Mchango wangu haukupewa nafasi.

Ningekuwa na wiki mbili za jua kali ningelala usingizi. Lakini Jumamosi ya wiki ileile kulikuwa na sendofu ya binti wa mama mdogo wake Spika, kule Kibaha, na kamati ilishaipangia Noah yetu kazi bila kuniuliza: kumbeba mama mkwe, mashangazi wawili, watoto, na zawadi moja iliyofungwa kwenye boksi la friji. Sare yao ilikuwa gauni la rangi ya krimu lenye pindo la kufagia sakafu. Krimu, ndugu yangu. Na sakafu yenyewe imejaa chai ya mkandaa.

Nikiri hapa kosa langu la zamani. Mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyoizamisha Jangwani, yalinikuta bado kijana asiye na gari wala adabu. Nilitazama magari yanaelea kwenye televisheni nikasema, "Sasa mtu anaegeshaje gari bondeni?" Basi Mungu si Athumani. Mimi ninaegesha gari kilimani, na lilizama hukohuko kilimani, maji yakitokea juu.

Nilianza kulikausha mwenyewe, kama afanyavyo mwanamume yeyote ambaye hajui anachofanya. Nilichota kwa kopo, nikapiga dekio, nikafuta kwa taulo la zamani, na kumbe halikuwa la zamani. Nikavuta waya toka sebuleni, nikaelekeza feni ndani ya gari, na Spika alipokwenda kazini nikaazima drayia yake ya nywele. Drayia ile inakula wati 1,500. Niliishikilia saa mbili, sawa na uniti tatu za LUKU, na jioni mita ikaanza kulia jikoni. Mwanangu mkubwa, Meneja, ambaye ana miaka 15 na huvua spika za masikioni kwa dharura za kitaifa tu, alizivua. "Baba, umeme unaisha na mechi ni saa tatu." Akazirudisha. Katika familia yetu hiyo ni hotuba.

Usiku ule nilipapasa kapeti kwa kiganja. Kavu! Nikalala kama mshindi.

Alhamisi nikaenda na gari hilohilo stendi ya Mbezi kumpokea mama mkwe, aliyekuwa anatoka Handeni. Huyu, kwa siri kati yangu na wewe, namwita Mkemia Mkuu. Pua yake haijawahi kukosea. Akinusa mboga anakuambia imelazwa siku ngapi na nani aliisahau juu ya meza. Asubuhi ile vioo vya gari vilikuwa na ukungu kwa ndani, nikavifuta kwa kitambaa nikidhani ni pumzi za watoto. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," nikamfungulia mlango wa mbele kwa heshima zote. Tukafika kwenye taa, nikakanyaga breki. Naye, kama afanyavyo kila mtu asiyeendesha, akakanyaga breki yake ya upande wa abiria. Maji yakapanda kutoka ndani ya kapeti ile "kavu", yakajaa kwenye kandambili zake hadi vidoleni.

Mkemia Mkuu hakupiga kelele. Aliinua pindo la kanga, akanusa hewa mara mbili, akaniuliza kwa upole: "Baba, gari lenu lina choo?"

Nilitamani trafiki anisimamishe, anipeleke popote.

Kumbe kapeti ya gari si kama zulia la sebuleni. Chini yake imegandishwa sponji nene ya kuzuia kelele na joto, na sponji ile hunywa maji kama ngamia. Ukikausha juu, unapata juu pakavu na ziwa liko palepale chini, likioza taratibu. Siku moja au mbili zinatosha kwa ukungu kuanza kuota kwenye kitu chenye unyevu, hasa katika joto la Dar. Na gari ukilifunga vioo juani ukidhani unalikausha, unapika mvuke tu. Unapanda juu, unagusa kioo, unarudi chini kuwa maji. Ule "ukungu wa pumzi za watoto" lilikuwa ziwa langu linanisalimia kila asubuhi.

Haya sikuambiwa na Shemeji Gugo. Shemeji Gugo ni mdogo wake Spika, aliyekuja kwetu kwa wiki mbili, na mwaka huu anatimiza mitatu. Hana gari, hajawahi kuwa na gari, lakini simu yake inajua kila kitu kuhusu magari. Ushauri wake ulikuwa mchele. "Shem, simu ikiingia maji si unaizika kwenye mchele? Kanuni ni ileile." Nikamuuliza Noah itahitaji magunia mangapi. Sikuwa na maana ya kujibiwa, ila yeye akaanza kupiga hesabu kwa dhati kabisa, akipima siti kwa shubiri, mpaka Spika alipotoa mwongozo kutoka dirishani: "Mchele wa nyumba hii una njia moja tu, nayo inapitia kwenye sufuria."

Aliyetuokoa ni fundi. Alikuja jioni na boksi lake la spana, akabonyeza kapeti kwa kisigino, maji yakatoa sauti, akatikisa kichwa. "Bosi, hapa ulikuwa unampangusa jasho mtu mwenye homa." Kwanza akachomoa waya hasi wa betri kwa spana namba 10, akawasha sigara, akaivuta taratibu hadi mwisho. Nilidhani ni uvivu. Akanieleza kwamba eabegi hubaki na chaji kwa muda hata betri ikitolewa, na mtu anayekimbilia kuchezea waya zake anaweza kulipukiwa na mto usoni. Kisha akafungua bolti namba 14, akachomoa soketi ya njano chini ya siti, akatangaza kwa watu wote waliokusanyika, maana kwetu gari likifunguliwa hata muuza mihogo husimama: "Hizi za njano ni za eabegi. Zikiwa zimechomolewa, mtu asirudishe betri akawasha swichi. Mmesikia?" Tukaitikia kama darasa la kwanza. Shemeji Gugo aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Siti zikatoka. Ndugu yangu, kama hujawahi kutoa siti za gari la familia, usitoe mbele ya wakwe. Zilipatikana: shilingi 1,350 za sarafu, kalamu sita, mguu wa mwanasesere, andazi lililokauka likawa jiwe, na rimoti ya televisheni. Rimoti ile ilipotea tangu Krismasi. Meneja alikatwa hela ya matumizi mwezi mzima kwa ajili yake. Alivua spika za masikioni kwa mara ya pili wiki ile, akaitazama rimoti, akanitazama mimi, akazirudisha bila neno. Inspekta naye ghafla akawa anaangalia ndege angani.

Halafu fundi akainua kapeti ya upande wa kushoto, akasimama. "Bosi, wewe ni mkulima?"

Nyuma ya pale ilipokuwa siti, kwenye bonde kati ya reli na kapeti, juu ya sponji iliyolowa, kulikuwa na shamba. Mashina kama arobaini hivi, meupe, membamba, marefu kama kidole cha kati, yote yameinamia upande mmoja kulifuata jua lililokuwa likipenya chini ya siti. Kila moja juu lilikuwa na majani mawili madogo ya njano yaliyofumbwa kama mikono ya mtu anayeomba, na mengine bado yamevaa ganda la kijani kichwani kama kofia. Choroko.

Nikakumbuka. Wiki mbili nyuma nilitumwa choroko kilo mbili sokoni. Spika alipoipima nyumbani kwa mizani yake ilipungua robo, nami nikamlaani muuzaji wa watu kwa nusu saa, nikaapa sirudi kwake. Kumbe mfuko ulitoboka garini. Yule mzee wa watu alinipimia kwa haki kabisa.

Hayo hata hivyo yalikuwa madogo. Mkemia Mkuu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akichambua mchicha, aliinuka, akachuchumaa, akang'oa mche mmoja, akautazama mzizi, akaunusa. Mama huyu amelima Handeni tangu kabla sijazaliwa. "Hizi zina siku tano," akasema. "Labda sita. Choroko haioti kwa usiku mmoja, baba." Akapapasa siti iliyokuwa chini ya mwembe. "Tena siti ni kavu. Mvua gani hiyo ya dirishani inayoruka siti ikatua miguuni?"

Kimya. Kwa hasira za Jumatano sikuwa nimegusa siti. Nikamtafuta Inspekta kwa jicho la pembeni, nikamkuta ananitazama tayari, mikono kiunoni.

Fundi akajaza dumu maji, akamlaza Inspekta ndani ya gari na tochi, akaanza kumwaga taratibu chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapolala. Hazikupita sekunde ishirini. "Linakojoa! Linakojoa, nimeliona! Linakojolea kwenye feni!"

Pale chini ya waipa kuna plastiki nyeusi yenye matundu, na chini yake kuna mfereji. Maji ya mvua yanayoteremka kiooni huingia humo, hutokea pembeni na kumwagika chini. Humohumo ndimo gari linamovutia hewa ya kuleta ndani. Mfereji ukiziba, maji hujaa hadi kwenye tundu la hewa, hushuka kwenye feni, na kudondoka miguuni kwa abiria wa kushoto. Fundi alifungua plastiki ile, akaingiza mkono, akaanza kutoa. Alitoa viganja kumi na moja vya majani ya mkungu, meusi, yameoza, yanachuruzika maji ya rangi ileile ya soksi ya Inspekta. Hata chujio la hewa nyuma ya droo ya dashibodi lilikuwa limelowa kama chapati iliyoanguka kwenye mchuzi.

Sasa nikueleze habari za mkungu huo. Uko ukutani, nje ya dirisha la jikoni, una kivuli kipana kama turubai. Tangu tununue gari nimekuwa nikiegesha chini yake, na nilikuwa na mhadhara kamili kuhusu jua la Dar es Salaam linavyopasua dashibodi. Spika aliniambia mwaka wa kwanza: egesha upande wa pili, mti huo unapukutisha. Mwaka wa pili akaniambia tena. Mwaka wa tatu aliacha kuniambia, na mwanamume mwenye akili angejua kwamba hiyo ndiyo hatari yenyewe. Jani la mkungu huiva likawa jekundu, kubwa kama sahani, likaanguka kwa madaha. Nilikuwa nikiyapangusa juu ya boneti na kuyaona mazuri.

Spika alisimama mlangoni, akatazama lile lundo la majani, akaniangalia. Nilisubiri. Aliniruhusu nisubiri. Kisha akasema neno moja tu, "Haya," akaingia ndani. Naomba wenye ndoa waniombee.

Inspekta akatoka garini na tochi yake. "Baba, katuni?" Hukumu ikafutwa, na mshtakiwa akalipwa fidia ya aisikrimu mbili, moja ya usumbufu na moja ya kuchafuliwa jina.

Ijumaa ikawa siku ya kukausha. Fundi alifungua vizibo vya mpira vilivyo sakafuni mwa gari, maji yakatoka chini kama mtu aliyebanwa siku nyingi. Akakagua soketi moja baada ya nyingine. Mbili zilikuwa zimeanza kuota ukungu wa kijani, ule wa shaba inayolika, akazisafisha kwa dawa ya kupuliza na mswaki. Akaniambia nina bahati ni maji ya mvua. Yangekuwa ya mafuriko yenye uchafu wa mitaro, sponji ingetupwa. Yangekuwa ya bahari, waya zingeendelea kulika hata baada ya kukauka.

Kilichobaki ni kupata jua, na kwetu jua lina mwenyewe. Sehemu pekee inayopigwa jua kutwa ni kwenye kamba ya nguo, na Ijumaa ni siku ya mashuka ya Spika. Niliomba, nikapewa nusu ya kamba kuanzia saa tano hadi saa nane. Kapeti ya Noah ikilowa ina uzito wa beberu. Mimi na Meneja tuliirusha juu ya kamba, ikakaa, nikarudi nyuma kuitazama kwa fahari. Kamba ikatoa mlio mdogo. Halafu mashuka manne meupe na kapeti moja yenye maji ya mkungu vikalala pamoja kwenye mchanga.

Nilifua mwenyewe. Kwa mkono. Sabuni ya mche.

Nikiwa kwenye beseni ndipo Shemeji Gugo alipobakiwa na chaji asilimia tatu na umeme wa LUKU umekata. Akarudisha waya wa betri, akachomeka simu garini, akawasha swichi. Ile taa ya eabegi ikawaka nyekundu kwenye dashibodi na haikuzimika tena hata siti ziliporudi. Fundi alirudi na mashine yake kuifuta, akatutoza hela ya kuja mara mbili, na Shemeji akaeleza kwamba kwenye simu yake imeandikwa haikupaswa kutokea.

Jumamosi sponji bado ilikuwa na maji. Tukarudisha siti bila kapeti, tukaenda Kibaha juu ya bati tupu. Ndugu yangu, Noah bila kapeti ni debe lenye matairi. Kila kokoto la barabara ya Morogoro lilisikika kwa jina lake. Mashangazi waliimba nyimbo za sendofu kwa kupiga kelele, kila mmoja wimbo wake, hakuna aliyemsikia mwenzie. Bati lilipata joto, wakapandisha miguu kwenye siti. Mkemia Mkuu alikuwa ameweka mkaa kwenye mabakuli chini ya siti unyonye harufu, na juu yake akafukiza udi, kwa hiyo tulifika ukumbini tukinuka harusi na ghala kwa pamoja. Lakini pindo zote za krimu zilishuka safi. Spika alizihesabu.

Kapeti ilikauka baada ya siku tisa juu ya banda la kuku. Kipimo alitoa mama mkwe: tandika gazeti chini ya kapeti usiku, asubuhi likitoka laini, rudisha juani, likitoka linakwaruza, funga gari lako. Choroko zile alizihamishia nyuma ya jiko, zikashika, na mwezi wa saba tulizila na nazi. Yeye mwenyewe bado yupo. Amehamishia mkeka wake chini ya mkungu, maana Noah sasa inaegeshwa juani kwa amri ya Spika.

Nawe unayeegesha kivulini, jioni ya leo chungulia pale chini ya waipa. Ukikuta majani, yatoe kabla mvua haijaja, tena yatupe mbali, asiyaone mtu wa nyumbani. Na ukikuta maji miguuni, gusa siti kwanza kabla hujamnyima mtoto katuni.